Hongera kwa Wafiwa

Mpendwa mshauri Hillechien,

Naomba msaada, na nakuomba sana usinicheleweshe kama ulivyomchelewesha yule bwana mwenye ugomvi wa ua na jirani yake, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo mama mkwe wangu anatimiza miaka themanini na mpaka leo sijui kama binti yangu Fenna ataingia kwenye nyumba ile pamoja nasi au ataachwa kwa mlezi kama paka wa watu waliokwenda likizo. Wifi yangu Alberdien ndiye anayetaka aachwe. Mimi nimeshasema "tutaona," na wewe unajua kwetu Drenthe, huku Uholanzi, "tutaona" maana yake ni kwamba mtu ameshakubali ila hataki kujisikia akikubali.

Fenna ana miaka mitano. Ukuaji wake umechelewa, madaktari wameupa jina refu ambalo sitakuchosha nalo, lakini kwa lugha ya jikoni ni kwamba maneno yake ni machache, watu wengi kwa pamoja wanamtisha, na kucheza kama wanavyocheza watoto wengine hakumjii kwenyewe, inabidi afundishwe, ndiyo, afundishwe kucheza, mimi pia nilicheka niliposikia jambo hilo mara ya kwanza, nikaacha kucheka nilipoona watoto wa jirani wanapika supu ya mchanga na yeye yuko pembeni na kifuniko cha sufuria, anakizungusha, kinaanguka, anakizungusha tena, toka asubuhi mpaka saa ya mkate wa mchana, na ana raha zake, lakini yuko peke yake.

Sasa mateso yetu makubwa yalikuwa sikukuu za kuzaliwa. Unajua zilivyo: viti vyote vya nyumba vimepangwa duara sebuleni, unaingia unamzungukia kila mtu unampa mkono, hongera, hongera kwa mumeo, hongera kwa dada yako, maana kwetu hapongezwi mwenye siku yake peke yake, unapongezwa ukoo mzima na mbwa kama yupo, halafu unakaa, unapewa kahawa na kipande kimoja cha keki, na unazungumzia mvua mpaka uletewe jibini na haradali. Fenna alikuwa akifika mlangoni akaliona lile duara anajitupa chini anapiga mayowe, na mimi nabaki naye kwenye korido katikati ya makoti ya watu nikila keki yangu nimesimama, na wifi Alberdien anapita kwenda chooni akisema, "Maskini, bado tu?"

Basi mwaka jana tukapata mtaalamu wa michezo ya watoto, anaitwa Marloes, anakuja nyumbani kila Jumanne kwa baiskeli, mvua inyeshe isinyeshe. Marloes akaniambia nikae chini kwenye zulia, nizungushe vifuniko pamoja na Fenna, nimfuate yeye anakokwenda, halafu siku moja niongeze kitu kidogo, labda kifuniko kikianguka niseme "puu!" nione kama atacheka. Nikamwambia, dada, kwa mwendo huo huyu mtoto atacheka mimi nikiwa nimeshastaafu. Mimi ni mtu wa mipango. Nikachukua kalenda ya ukutani, nikaandika "kucheza" kila siku baada ya mkate wa mchana, na nikachagua mchezo mmoja tu, wenye faida, mchezo wa sikukuu ya kuzaliwa.

Nikapanga viti vidogo duara, nikakalisha dubu, sungura, kondoo na mwanasesere mmoja asiye na mkono wa kulia, ambaye kwa kweli alituchanganya. Nikamfundisha Fenna azunguke, ampe mkono kila mmoja, aseme hongera, akae, agawe keki. Mikono alijifunza. Hongera alijifunza, na majira ya baridi yalipokwisha alikuwa amejifunza hata "hongera kwa dubu" na "hongera kwa sungura." Kilichomshinda ni kitu kimoja, kujifanya. Nikimimina kahawa ya uongo kwenye kikombe kitupu nikasema "mmm, tamu," yeye anachungulia ndani ya kikombe, ananitazama kwa huruma, anasema, "Hamna." Dubu akinywa, hamna. Kondoo akinywa, hamna. Mwisho nikachoka, nikawa natia juisi ya kweli na kukata keki ya kweli, mimi nikanenepa na kondoo akaota ukungu, lakini mambo yakaenda.

Tena yakaenda vizuri! Siku ya kuzaliwa ya mume wangu Harm, Fenna aliingia sebuleni akalizunguka duara zima, hongera, hongera kwa baba, akakaa, akala keki yake. Nililia mpaka leso za karatasi zikaisha. Wifi Alberdien akasema, "Ehee, kumbe anaweza," kana kwamba miaka yote hiyo mtoto alikuwa anamnyima kwa makusudi.

Halafu mwezi uliopita baba mkwe akafariki, mzee Lammert. Hakuugua, alisinzia kwenye kiti chake na hakuamka. Tukamzika, na baada ya kutoka makaburini tukaingia kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, na mimi, mshauri, kwa huzuni na kwa kukimbizana na maua na mikate ya watu, sikufikiria kabisa. Niliposhtuka Fenna amesimama mlangoni, mbele yake viti vimepangwa duara, ukoo mzima umekaa umevaa vizuri, kahawa inamiminwa, na keki imeshakatwa. Akanitazama, uso unang'aa. Nilimwona anavuta pumzi na nikajua kinachokuja, lakini nilikuwa nimeshika sinia la vikombe.

Alianza na mchungaji. Mkono, "Hongera." Baba mdogo wa Harm, mkono, "Hongera." Yule bwana wa kampuni ya mazishi, "Hongera," na yeye kwa mazoea ya kazi akajibu, "Asante sana." Vijiko vikasimama vikombeni. Akafika kwa mama mkwe wangu, mjane ambaye jeneza la mumewe limetoka tu kushushwa, akamshika mkono kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha kumshika mwenye siku yake, na akasema, vizuri kabisa, bila kukosea hata kidogo, ile sentensi iliyotumalizia majira ya baridi: "Hongera kwa babu."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sinia langu. Mama mkwe alimtazama, kisha akasema, "Asante, kipenzi. Nilivyomvumilia, nastahili." Sijui alikuwa anatania au alikuwa ameumia, kwetu uso wa kutania na uso wa kuumia ni uso ule ule.

Na mtoto hakuishia hapo, akazidi kuniaibisha, mbio mpaka kwenye kiti kilichoachwa wazi kando ya mama mkwe, akaweka kikombe kitupu hapo mbele, akanyakua birika lililokwisha kahawa akaliinamisha, "shhh," akakipuliza kikombe, akasema, "Moto. Babu, kunywa." Hapo Alberdien akainuka. "Wifi, mtoe mtoto wako! Baba yangu hajapoa ardhini, hapa mnatuletea sarakasi!" Nikamnyang'anya Fenna kikombe, nikambeba mzobemzobe mpaka kwenye gari akinipiga mateke, na kahawa ya msiba wa baba mkwe wangu sikuinywa.

Nimejaribu kurekebisha, usidhani nimekaa tu. Nilibadilisha mchezo: nikamlaza dubu kwenye sanduku la viatu, nikawakalisha sungura na kondoo duara, nikamfundisha Fenna kusema "Pole." Alijifunza upesi ajabu. Basi jirani zetu wakajifungua, tukaenda kumwona mtoto, na huko nako, si unajua, viti duara, mkono kwa mkono, na badala ya keki ni zile biskuti kavu zenye siagi na vipunje vya sukari vya rangi ya waridi. Fenna akamshika mkono baba wa mtoto, akamtazama machoni, akasema, "Pole." Kwa mama mzazi, "Pole." Akakiinamia kitanda cha kichanga: "Pole sana."

Tangu siku hiyo nimeinua mikono. Viti vidogo nimevipandisha darini, dubu bado yumo ndani ya sanduku, na Marloes nimemwambia asije tena mpaka nimwite. Fenna akimaliza mkate wa mchana anakwenda kusimama pale kwenye zulia lilipokuwa duara, anasimama tu, ananingoja, halafu anarudi kwenye vifuniko vyake. Harm anasema, "Fanya unavyoona," yaani anasoma gazeti. Alberdien amepiga simu kusema mama yake amefiwa, hawezi kuaibishwa tena kwenye siku yake, na mtaani kwake kuna msichana mzuri sana anayewaangalia watoto "wa namna hiyo." Mama mkwe mwenyewe naye amenipigia, zaidi ya mara moja. Sijapokea. Nitamwambia nini?

Naomba uniambie, nimfundisheje mtoto huyu ajue kwa uhakika lini ni hongera na lini ni pole kabla ya Jumamosi, au nikubali tu abaki na huyo msichana na niachane na haya mambo ya kumfundisha kucheza, maana kila nikimfundisha kitu ananiumbua nacho?

Wako,
Mwenye Sinia, Drenthe


Mama Fenna,

Pole. Au hongera, mimi pia sasa nimechanganyikiwa. Barua yako nimeisoma jikoni peke yangu, nikacheka mpaka mbwa akaomba kutoka nje, kisha nikafika mahali fulani nikaacha kucheka. Nitakuonyesha ni wapi, kwa sababu inaonekana wewe ulipapita mbio ukiwahi gari.

Kwanza hilo la Jumamosi. Unataka mtoto wa miaka mitano, ambaye umeniambia mwenyewe kwamba maneno na watu vinamwia vigumu, ajue "kwa uhakika" lini hongera na lini pole, katika muda wa siku chache. Sawa. Na Jumapili umfundishe kuendesha trekta. Hebu simama mlangoni uangalie anachokiona yeye. Sikukuu ya kuzaliwa ni viti duara, watu wamevaa vizuri, mkono kwa mkono, kahawa, keki kipande kimoja. Msiba ni viti duara, watu wamevaa vizuri, mkono kwa mkono, kahawa, keki kipande kimoja. Kichanga kikizaliwa, ni hayo hayo ila keki imegeuka biskuti. Sisi watu wa huku tuna shughuli moja tu maishani, tunaifanya toka kuzaliwa mpaka kufa, tunachobadilisha ni kitafunio, halafu tunamshangaa mtoto anayeshindwa kututofautisha. Fenna alikiona chumba, akakitambua, akafanya alichofundishwa. Mwanafunzi hodari. Mwalimu ndiye simjui.

Na la jirani usinililie kabisa. Kumwambia pole baba mwenye kichanga kisicholala! Mimi nimezaa wanne, watu wakaniletea maua, wakaniletea soksi za kusuka, hakuna hata mmoja aliyenishika mkono akaniangalia machoni akaniambia pole. Laiti Fenna angekuwepo.

Sasa nikuulize. Unajua ni watoto wangapi kama wako wanajifunza kitu juu ya zulia na kitu hicho kikabaki juu ya zulia? Waulize kina Marloes, watakuambia hilo ndilo linalowanyima usingizi. Mtoto anampa dubu mkono vizuri sana, akikutana na mtu mwenye pua ya kweli anaganda. Wako amekitoa alichojifunza sebuleni kwako akakibeba mpaka kwenye ukumbi asioujua, mbele ya wale wale watu waliokuwa wakimfanya ajitupe chini kwa hofu, akampa mkono hata mchungaji, na hakuna aliyemsukuma. Wewe wakati huo ulikuwa unatafuta ufa kwenye sakafu uingie.

Haya, hapa ndipo nilipoacha kucheka. Umeniandikia kwa kirefu habari za kondoo aliyeota ukungu, na habari za kile kikombe cha ukumbini umezitupa kwa pumzi moja na kuziita aibu. Hebu zisome tena polepole. Majira ya baridi mazima ulimimina kahawa ya uongo, na mtoto akakujibu hamna, na alikuwa na haki, maana kikombeni hamkuwa na kitu. Siku ile birika lilikuwa tupu, kikombe kilikuwa kitupu, na kiti kilikuwa hakina mtu. Hakuna aliyemwambia kitu. Akamimina. Akapuliza ili babu asiungue. Akamkaribisha anywe. Mama Fenna, huko ndiko kujifanya! Ndicho kitu chenyewe ulichokuwa unakifukuza kwa kalenda, kimekuja kwa miguu yake mbele ya ukoo mzima, na wewe ukakinyang'anya kikombe ukakifungia ndani ya gari.

Kwamba anaelewa kifo sitakudanganya. Sisi wakubwa wenyewe hatukielewi, ndiyo maana tunakula keki. Lakini aliona ni nani hayupo. Watu wazima walijaa pale, kila mmoja anakikwepa kile kiti kwa macho, na aliyekwenda kukihudumia ni mtoto ambaye leo mnabishana kama anafaa kukaa na watu. Mimi ningekuwa mjane, ningelilia hapo hapo, na si kwa aibu.

Ulichokuwa unamfundisha, nikuambie ukweli, hakikuwa mchezo, kilikuwa gwaride. Geuka kulia, toa mkono, sema hongera, kaa. Ukaona linafaa, ukatunga na gwaride la pili, la maziko, ukamlaza dubu wa watu kwenye sanduku la viatu. Loo! Marloes alikuambia toka siku ya kwanza ukae chini umfuate mtoto, wewe ukamwona anakuchelewesha. Ulikuwa unachelewa kwenda wapi? Mtoto anayejifunza kucheza anahitaji mtu wa kucheza naye, tena mtu ambaye hajali nani anamwona. Maafisa wa kumsahihisha anao wengi, akianza na shangazi yake.

Kwa hiyo sikiliza. Leo hii panda darini ushushe viti. Mtoe dubu kwenye sanduku, maana hata sheria ya maziko haimruhusu kukaa nje ya kaburi muda wote huo. Mpigie Marloes, mwombe radhi, mwambie Jumanne aje, na umpe kahawa ya kweli. Halafu kaa kwenye zulia, magoti yakilia yaache yalie. Fenna akizungusha kifuniko, nawe zungusha chako. Kikianguka, sema puu. Ukijiona mjinga, jua umeanza kupatia. Siku nyingine kifuniko kiwe sahani, mpe kondoo supu, useme moto, upulize. Akikuambia hamna, chungulia nawe, ukubali kweli hamna, umwombe akuongezee. Na usiufanye kila mchezo kuwa duara, kwa jina la Mungu. Chezeni duka, chezeni kuosha baiskeli, chezeni mbwa mgonjwa. Leo dubu acheke, kesho dubu alie, Fenna aone kwamba uso wa mtu hubadilika na mtu anayelia anasogelewa kwa namna nyingine. Hayo ndiyo yatakayomfundisha pole na hongera, na yatachukua miaka, na baadhi hatayapata, na dunia haitasimama.

Kwa sasa mpe salamu moja inayofaa kwa aliyezaa, aliyezaliwa na aliyefiwa. Mkono, na "Mimi Fenna." Basi. Na kabla hamjatoka nyumbani mwonyeshe picha ya mnayemwendea, umwambie kwa sentensi fupi ni nani na kuna nini, si mlangoni wakati umeshika sinia.

Harm naye ashushe gazeti, hata kama ni hili. Alberdien ni dada yake wa tumbo moja, hukumzaa wewe. Kama kuna mtu wa kumpigia simu kumwambia kwamba binti yake haachwi kwa mlezi wa mtaani, ni yeye, na asiseme "tutaona."

Nimebakiza moja, na hapa sina mzaha. Umenijazia barua kwa maneno ya Alberdien, mama mkwe wako umemnukuu mara moja tu. Alisema asante. Alimwita mtoto kipenzi. Wewe ukakaa wiki kadhaa ukipima kama uso wake ulikuwa wa kutania au wa kuumia, na dawa ilikuwa mkononi mwako ikilia, ukaiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Mwanamke amezika mumewe, nyumba imekuwa kimya, anakutafuta, na wewe hupokei simu yake kwa sababu umeona haya! Katika barua yako yote nimeitafuta aibu, na nimeikuta hapo tu, na si ya Fenna.

Mpigie wewe, kabla hujamaliza kukunja gazeti hili. Mwombe samahani kwa kutopokea, kisha muulize swali moja na unyamaze: anataka Fenna awepo? Siku ni yake, si ya Alberdien wala si yangu. Akisema hataki, sitakulaumu ukibaki nyumbani na mwanao, mzungushe vifuniko. Lakini mwanamke aliyejibu vile, jeneza la mumewe likiwa limetoka tu kushushwa, mimi nadhani ninajua atasema nini, na nadhani hata wewe unajua, ndiyo maana unaogopa kupokea.

Basi Jumamosi Fenna anakwenda. Mlangoni usimnong'oneze, usimshike bega, usitangulie kuomba radhi kwa kosa ambalo hajalifanya. Akimwambia bibi yake pole kwa kutimiza themanini, bibi mwenye umri huo anazo sababu za kuipokea. Alberdien msimtukane, amefiwa na baba, na kuna watu huzuni yao huwatoka kwa ukali kwa sababu haijui njia nyingine. Mkalisheni karibu na Fenna. Ataletewa kikombe kitupu, na kazi yake ni kunywa na kusema asante. Ikimshinda kabisa, ikiwa kweli hawezi kukaa kwenye duara bila kuharibu shughuli ya watu, basi yule msichana mzuri wa mtaani kwake muiteni tu, amwangalie Alberdien.

Hillechien